Kiwanja cha mjini na kiwanja cha pembeni: nani kweli analipa kodi ndogo?

Watu wetu wanahamia pembeni ya miji. Goma imepanda kuelekea Munigi, Kanyaruchinya na Kibati, ndani ya teritwari ya Nyiragongo. Bukavu imejaa kwenye vilima vya Ibanda, Kadutu na Bagira, na wengi sasa wanatafuta nafasi upande wa Kabare. Huko Butembo, Beni na Bunia mashamba ya jana yamekuwa mitaa ya leo. Makanisa nayo yanafuata waumini: chumba cha maombi kinaanza, kisha wazee wanatafuta kiwanja cha kujenga hekalu na shule.

Ukiuliza sababu ya kununua pembeni, utajibiwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kule kiwanja ni bei rahisi. La pili ni kwamba kule hakuna kodi ya kuhamisha hati. Unapatana na mwenye shamba, shefu anaweka muhuri, na kazi imekwisha.

Jambo la kwanza ni kweli. La pili limewaletea hasara wajane, mayatima na hata parokia nzima, kwa sababu linasikika kama kweli na si kweli. Ndugu wasomaji, tulitazame polepole, kwa kulinganisha mji na pembeni ya mji, franka kwa franka na karatasi kwa karatasi.

Mjini: kodi inalipa kitu gani

Tuanze na sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980, inasema katika kipengele cha 53 kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake. Hauuzwi, na hakuna anayeupata kwa sababu tu amekaa juu yake miaka mingi. Kile tunachoita "kununua parseli" ni kununua haki ambayo Leta imempa mtu ya kutumia udongo huo, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Haki hiyo inaitwa konsesio.

Kipengele cha 219 kinaongeza neno zito: haki ya kutumia ardhi inathibitishwa kisheria kwa sertifika ya kuandikishwa tu, inayotolewa na konsevata wa hati za ardhi. Fishi ya parseli kutoka kwenye kartie haitoshi. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa na mashahidi haitoshi. Hizo ni ushahidi unaosaidia, lakini hazichukui nafasi ya sertifika.

Kwa hiyo mtu anayenunua kiwanja cha mjini chenye sertifika anapita njia inayojulikana. Mkataba wa mauzo unapelekwa kwa notere. Kadasta inakuja kutazama mahali na vipimo. Konsevata anachunguza kitabu chake: je, muuzaji ndiye aliyeandikwa? Je, kuna deni la benki au kesi juu ya kiwanja? Kisha mnunuzi anapewa karatasi ya kulipa, na pesa inaingia katika akaunti ya Leta kupitia DGRAD. Mwisho sertifika ya zamani inafutwa, na mpya inatoka kwa jina la mnunuzi. Hiyo ndiyo mutasio.

Kodi kubwa katika njia hiyo ni ile inayohesabiwa kwa asilimia ya thamani ya mali. Zamani ilikuwa asilimia 6. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2011 kuhusu mazingira ya biashara iliandika kwamba Kongo ilikuwa imeipunguza nusu, hadi asilimia 3. Pamoja na hiyo kuna malipo ya notere, ya kupima, na ya kuandika sertifika yenyewe. Bei hizi zinawekwa na mawaziri na zinaweza kubadilika, kwa hiyo kabla ya kununua, omba ofisini orodha ya bei za mwaka huo kwa maandishi.

Tuweke mfano wa hesabu. Familia inanunua kiwanja cha dola 20.000 mjini. Asilimia 3 ni dola 600. Ni pesa nyingi kwa mwalimu au kwa mama anayeuza sokoni. Lakini tazama kilichonunuliwa kwa dola hizo 600: mtu wa serikali amefungua kitabu na kuandika jina lako mahali pa jina la muuzaji. Miaka miwili ikipita bila mtu kuipinga hati hiyo mahakamani, kipengele cha 227 kinasema haki yako haishambuliwi tena. Anayelalamika baadaye anaweza kudai fidia ya pesa tu, si kiwanja.

Pembeni: kwa nini kodi haionekani

Sasa twende pembeni. Familia ile ile inakuta kiwanja cha dola 4.000. Kama kiwanja hicho kina sertifika, mutasio ni ile ile. Kodi inahesabiwa juu ya thamani ya mali, si juu ya umbali wake kutoka katikati ya mji. Asilimia 3 ya 4.000 ni dola 120. Kodi imekuwa ndogo kwa sababu bei ni ndogo, si kwa sababu pembeni kuna sheria ya huruma zaidi.

Lakini mara nyingi kiwanja cha pembeni hakina sertifika. Ni kipande cha shamba la ukoo, kilichogawanywa na mzee, chini ya mamlaka ya mwami au shefu wa sheferi. Hapo hakuna mutasio kwa sababu hakuna hati ya kuhamisha. Ndiyo maana kodi haionekani. Haikusamehewa, tendo linaloleta kodi hiyo halijafanyika bado.

Hata hivyo mnunuzi halipi sufuri. Kuna cha mzee wa ukoo, cha shefu wa kijiji, cha mashahidi, cha yule anayevuta kamba ya kupima. Katika nchi ya Bashi kuna kalinzi, zawadi ya ng'ombe au thamani yake inayofunga mapatano kati ya mwami na anayepewa ardhi ya kurithisha watoto. Kwa Wanande kuna muhako, haki ya mwenye ardhi inayolipwa na mlimaji. Hizi ni desturi za heshima na zina maana yake. Ziliwekwa ili kuunganisha watu wanaoishi na kulima pamoja. Hazikuwekwa kwa ajili ya kiwanja cha mita 15 kwa 20 kinachouzwa kwa mtu asiyejulikana kijijini, ambaye kesho atakiuza kwa mwingine.

Tuseme haki pia: sheferi ni mojawapo ya mamlaka za mtaa zilizopewa uwezo na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, na ina haki ya kukusanya malipo fulani. Lakini malipo ya halali yana jina, yana bei inayojulikana na yana risiti. Pesa inayotolewa chini ya meza si kodi ya sheferi. Ni pesa ya mtu.

Shida kubwa iko katika sheria yenyewe. Kipengele cha 389 cha sheria ya 1973 kiliahidi kwamba Rais wa Jamhuri atatoa amri ya kupanga haki za watu juu ya ardhi za jamii za vijijini. Amri hiyo haikutoka, na vizazi viwili vimekua vikiingoja. Kwa hiyo ardhi ya shefu imebaki katikati: sheria inasema ni ya Leta, desturi inasema ni ya ukoo, na mnunuzi amesimama kati ya milango miwili akiwa na karatasi ya mkono.

Hesabu inayokuja baadaye

Anayenunua pembeni bila hati atafika siku moja ambapo atahitaji sertifika. Labda benki imemwomba dhamana. Labda mji umepanuka, na mtaa wake umeingia katika mipaka mipya. Labda jirani ameanza kujenga ukuta ndani ya kiwanja chake. Siku hiyo ataanza njia ambayo ni ndefu kuliko mutasio ya mjini.

Kwa ardhi ya kijijini, sheria inataka uchunguzi ufanywe kwanza, kabla Leta haijampa mtu konsesio. Mtumishi anafika mahali, anauliza majirani, anapokea malalamiko, anaandika ripoti. Halafu kadasta inapima na kuweka mipaka. Halafu kuna mkataba na Leta, ndipo sertifika. Kila hatua ina malipo yake, na kila safari ya mtumishi kutoka mjini ina gharama.

Tena wakati wa uchunguzi ndipo wengine wanajitokeza. Kaka wa muuzaji anasema hakuulizwa. Mtoto wa mke wa kwanza anasema shamba lilikuwa la mama yake. Mtu mwingine anatoa karatasi inayofanana na yako, yenye muhuri ule ule na tarehe ya nyuma. Hapo mnunuzi analipa mara ya pili "kununua amani", au anaenda mahakamani. Na mahakama nazo zinatofautiana: ugomvi wa ardhi unaoongozwa na desturi unaanzia kwenye mahakama ya amani, wakati ugomvi juu ya sertifika unapelekwa kwenye mahakama kuu. Wengi wanapoteza mwaka mzima kwa kubisha mlango usiofaa.

Turudi kwenye mfano wetu. Mnunuzi wa pembeni alifurahi kuacha dola 120. Akilipa uchunguzi, vipimo, mkataba na sertifika, kisha akimtuliza ndugu mmoja wa muuzaji, ameshapita mbali ile 120. Akikosa bahati kabisa, anapoteza dola 4.000 zote na nyumba aliyojenga juu yake. Basi swali la kuuliza si "kodi ni ngapi mjini na ngapi pembeni?" Uliza hivi: "Nikijumlisha kila kitu mpaka jina langu liandikwe katika kitabu cha konsevata, kiwanja hiki kimenigharimu kiasi gani?" Mara nyingine pembeni bado itashinda. Lakini mara nyingine kiwanja kidogo chenye hati, karibu na mji, ni nafuu kuliko kikubwa kisicho na hati.

Kwa watu wa Goma kuna hesabu nyingine ambayo hakuna ofisi inayoiandika. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka upande wa Buhene na vijiji vya jirani, pale pembeni ambapo wengi walikuwa wamejenga. Mti wa mpaka uliungua, na jiwe la mpaka likafunikwa na jiwe jipya. Kipande chenye vipimo vya kadasta kinaweza kupimwa upya juu ya lava. Kipande kilichojulikana kwa mti na maneno ya mzee kinabaki katika kumbukumbu ya watu tu, na watu wanahama na wanakufa.

Kodi ya kila mwaka isichanganywe na mutasio

Wengine wanachanganya kodi ya kuhamisha hati na kodi ya ardhi ya kila mwaka. Hizi ni mbili. Kodi ya kila mwaka inatoka katika sheria ya tarehe 10 Februari 1969, na Katiba ya 2006 imeiweka mikononi mwa mikoa. Hapa ndipo mahali panapohesabika: sheria inagawanya miji na vijiji katika daraja nne, na daraja ya juu inalipa zaidi. Kwa hiyo ni kweli kwamba anayekaa pembeni anaweza kulipa kodi ndogo mwaka kwa mwaka. Lakini risiti ya kodi hiyo haikufanyi kuwa mwenye kiwanja. Inaonyesha tu kwamba ulilipa.

Bei ya uongo katika mkataba

Kuna desturi mbaya iliyoingia hata kati ya waumini. Kiwanja kimenunuliwa dola 20.000, lakini katika mkataba wanaandika 5.000 ili kodi ishuke kutoka 600 hadi 150. Wanasema wameokoa dola 450.

Kwanza, ofisi inaweza kukataa bei hiyo na kukadiria thamani yenyewe. Pili, siku mahakama ikivunja mauzo na kumwambia muuzaji arudishe pesa, mkataba unasema 5.000. Dola 15.000 hazina shahidi. Tatu, mnunuzi na muuzaji sasa wanashika siri moja, na mwenye roho mbaya kati yao anaweza kuitumia kumtisha mwenzake. Tunalalamika kwamba barabara ni mashimo na kwamba watumishi wa kadasta hawalipwi vizuri; basi sisi wenyewe tusiwe wa kwanza kutoboa mfuko wa umma.

Kanisa linaponunua

Hapa tunagusa jambo linalohusu sadaka za watu. Parokia nyingi za pembeni zinanunua kiwanja kwa jina la mchungaji au la mzee mmoja, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu wanaaminiana. Lakini sheria ya ardhi inamtazama aliyeandikwa. Mchungaji akifariki, kiwanja kinaweza kudaiwa na warithi wake, na hawatakuwa wanaiba. Watakuwa wanaonyesha karatasi. Akihamishwa na jumuiya yake, au akijitenga, ugomvi unaanza, na mara nyingi unaishia kwa kanisa kugawanyika.

Njia iliyo salama ni kununua kwa jina la chombo chenye utu wa kisheria, kulingana na sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 inayohusu mashirika yasiyo ya faida na makanisa. Wazee wajue pia tofauti hii: konsesio ya milele ni ya mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo tu. Kanisa linapata konsesio ya kawaida, ambayo ina muda, kwa kawaida isiyozidi miaka 25, na inaweza kufanywa upya. Kwa hiyo mhazini aandike tarehe ya mwisho katika daftari la kanisa, ili anayekuja baada yake asishtuke.

Na tusisahau mke wa muuzaji. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mapatano ya mume na mke wote wawili kabla ya kuhamisha konsesio, hata kama hati iko kwa jina la mmoja. Kanisa linalonunua kwa mume bila kumwona mke linajenga hekalu juu ya machozi ya mtu, na juu ya mauzo yanayoweza kuvunjwa.

Kununua wakati huu wa vita

Mji wa Goma tangu Januari 2025, na Bukavu tangu Februari 2025, iko mikononi mwa AFC/M23. Mabenki ya Goma yalifungwa, na kulipa kodi ya Leta kwa njia ya kawaida kumekuwa kugumu. Karatasi inayokubaliwa na upande mmoja inaweza kukataliwa na mwingine kesho. Anayefanya mutasio katika hali hii ajue kwamba anaweza kuulizwa upya.

Kuna hatari nyingine, na hiyo inagusa dhamiri. Watu wengi wamekimbia, na viwanja vyao vimebaki. Vingine vinauzwa na watu ambao hawakuwa wenye mali, kwa bei inayopendeza sana. Bei ya namna hiyo ndiyo inayotuonya. Muumini asinunue kiwanja cha mtu aliyekimbia bila kuzungumza na mwenyewe au na familia yake, hata kama mihuri yote iko.

Nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu imezungukwa na maadui. Ukisoma sura ya 32 ya kitabu chake utaona jinsi alivyofanya: alipima pesa mbele ya mashahidi, akaandika hati mbili, moja ya wazi na moja ya kutiwa muhuri, na akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Vita havikumzuia kutumaini, wala tumaini halikumfanya aache makaratasi.

Tufanye nini katika parokia zetu

Tunapendekeza kila parokia ichague watu watatu, na mmoja wao awe mama, wa kusaidia waumini na kanisa lenyewe kabla ya kununua. Kazi yao ni hii:

1. Kwenda kwa konsevata na kuuliza kama kiwanja kimeandikwa, kwa jina la nani, na kama kuna deni au kesi.
2. Kama hakijaandikwa, kukaa na ukoo mzima wa muuzaji, mke na watoto wakubwa pamoja, mbele ya shefu na majirani wa pande zote nne, na kuandika majina ya waliokuwapo.
3. Kupiga hesabu ya gharama yote mpaka sertifika, na kumwonyesha mnunuzi kabla hajatoa arbuni.
4. Kuandika bei ya kweli, na kudai risiti kwa kila malipo, ya Leta na ya sheferi.
5. Kutunza nakala za hati mahali pawili tofauti, hata kwa ndugu aliye mji mwingine.

Mwenye pesa ya kununua pembeni leo anunue, kama kuna amani na mwenye shamba ni wa kweli. Lakini aweke kando, siku ile ile, pesa ya kuandikisha. Kama haitoshi, apunguze ukubwa wa kiwanja. Mita kumi zenye jina lake zitawalinda watoto wake kuliko mita thelathini ambazo kila mvua ya kwanza zinaleta mgeni mwenye karatasi nyingine.